Swichi ya Kukata Sauti kwenye Gitaa la Umeme: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu kwa Kufuata Dalili

Swichi ya kukata sauti ni nyongeza ndogo kuliko karibu zote zinazoweza kufanywa ndani ya gitaa la umeme. Inahitaji miguu 2 tu, haihitaji betri, na kazi yake ni kunyamazisha gitaa kwa muda ule tu ambao kidole kinaibonyeza. Mpiga gitaa Tom Morello hupata athari hiyo kwa swichi ya kuchagua pikapu (koili yenye sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi), akiwa ameshusha kabisa voliumu ya pikapu mojawapo, na mpiga gitaa mwingine, Buckethead, huipata kwa kitufe kikubwa cha aina inayotumika kwenye mashine za michezo. Wote wawili wameonyesha kwamba ukimya unaokatakata noti ndefu ni sehemu ya muziki wenyewe, si kelele ya kuchezea.

Kwa kuwa kifaa ni chepesi, watu wengi hukifunga bila kupima chochote, na hitilafu inapotokea hufungua gitaa na kuanza kulehemu upya kila kiungo wanachokiona. Njia hiyo huharibu zaidi ya inavyotengeneza. Karibu kila hitilafu ya swichi hii inaweza kutambuliwa kutoka nje, kwa waya wa gitaa na multimita, kabla skrubu moja haijalegezwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye vipimo, kisha unapita katika dalili moja baada ya nyingine.

Swichi ya aina gani, na imekaa wapi

Kuna njia 2 za kunyamazisha gitaa. Katika ya kwanza, swichi huwekwa kati ya waya wa sauti na ardhi (waya wa kurudishia umeme), yaani kati ya ncha na shina la soketi ya kutolea sauti, nayo hubaki wazi hadi ibonyezwe. Ikibonyezwa, mawimbi kutoka kwenye pikapu hupata njia fupi ya kurudi ardhini na amplifaya haipati kitu. Katika ya pili, swichi hukatiza waya wa sauti wenyewe: imefunga muda wote na hufunguka inapobonyezwa.

Ninapendekeza njia ya kwanza bila kusita. Waya wa sauti unapokatwa ndani ya gitaa, kipande chote kilichobaki kati ya swichi na amplifaya kinaning'inia bila kuungana na chochote, na kwa kuwa mlango wa amplifaya ya gitaa una ukinzani mkubwa, mara nyingi megaomu 1 hivi, waya huo unageuka kuwa antena inayokusanya mvumo wa umeme wa chumbani. Matokeo ni kwamba sauti ya gitaa inakatika lakini nafasi yake inachukuliwa na mngurumo. Njia ya kwanza hufanya kinyume chake, kwa kuwa huufungia mlango wa amplifaya moja kwa moja kwenye ardhi, na hakuna hali yenye ukimya zaidi ya hiyo.

Swichi inayofaa, basi, ni ya kubonyeza na kuachia, ambayo huwa wazi isipobonyezwa. Swichi zenye miguu 3 huwa na herufi zilizochapwa kando ya miguu: C au COM ni mguu wa pamoja, NO ni mguu ulio wazi wakati wa kawaida, na NC ni mguu uliofunga. Miguu inayotumika ni C na NO. Ule wa NC huachwa bila waya. Mahali bora pa kuunganisha ni kwenye soketi yenyewe, au kwenye mguu wa kati wa potenshomita (kinzani cha kuzungusha) ya voliumu katika gitaa lenye voliumu moja inayotoa sauti moja kwa moja kwenye soketi.

Vipimo 2 kabla ya kufungua gitaa

Chomeka waya wa gitaa kwenye soketi na uache plagi ya upande wa pili ikiwa huru. Fungua voliumu hadi mwisho, chagua pikapu moja, kisha weka multimita kwenye kipimo cha kiloomu 20. Gusisha ncha moja ya multimita kwenye ncha ya plagi na nyingine kwenye shina lake. Soma bila kubonyeza swichi, kisha ibonyeze na usome tena; usomaji ukiwa karibu na sifuri, shuka hadi kipimo cha omu 200. Ikiwa gitaa lina betri ya ndani, itoe kwanza, maana kuchomeka waya huwasha priampu (kikuza sauti cha ndani ya gitaa) na multimita haiwezi kupima ukinzani wa saketi yenye umeme kwa usahihi.

Gitaa lisilo na betri, likiwa zima, husoma takriban kiloomu 5 hadi 8 kwa pikapu yenye koili moja, na takriban 7 hadi 15 kwa hambaka, yaani pikapu yenye koili mbili. Ukibonyeza, usomaji unapaswa kushuka hadi omu 1 au 2, ambazo kwa kweli ni ukinzani wa nyaya za multimita na wa waya wa gitaa. Ukipata namba hizo mbili, upande wa umeme wa swichi yako hauna kasoro, na tatizo unalolisikia litafutwe kwenye pedali, amplifaya au sehemu zinazosogea za swichi.

Namba zikiwa tofauti, zenyewe zinaeleza pa kutazama. Sifuri kabla na baada ya kubonyeza ina maana kwamba waya wa sauti umegusa ardhi mahali fulani. Usomaji wa kawaida usiobadilika kabisa una maana kwamba swichi haijaungana, au imeungana mahali pasipofaa. Usomaji wa kawaida unaopanda hadi ukomo wakati wa kubonyeza, yaani multimita haioni njia yoyote ya umeme, unaonyesha kwamba swichi imefungwa kwa njia ya pili. Kipimo cha kiloomu 20 kikikupa ukomo hata kabla ya kubonyeza, pandisha multimita hadi kipimo cha megaomu 2: usomaji wa karibu kiloomu 250 au 500 unaonyesha kwamba multimita inaiona potenshomita ya voliumu peke yake, kwa hiyo waya wa pikapu umekatika. Na ukomo hata kwenye kipimo hicho kikubwa unaonyesha kwamba umekatika ule unaotoka kwenye voliumu kwenda kwenye soketi. Namba hizi ziandike kwenye karatasi kabla ya kuendelea, kwa kuwa utazihitaji kulinganisha baada ya matengenezo.

Gitaa limenyamaza muda wote, au linalia tu swichi inapobonyezwa

Hizi ni dalili mbili za familia moja. Gitaa likilia wakati swichi imebonyezwa na kunyamaza inapoachiwa, swichi imefunga pale inapotakiwa kuwa wazi. Kwa swichi ya miguu 3, hamisha waya kutoka NC kwenda NO. Kwa swichi ya miguu 2 isiyo na maandishi, ipime peke yake kwa mlio wa multimita: ikilia kabla ya kubonyezwa, ni ya aina iliyofunga, na haina marekebisho isipokuwa kubadilishwa.

Gitaa likiwa kimya hata swichi ibonyezwe au iachiwe, kuna vyanzo viwili vinavyojitokeza mara kwa mara. Cha kwanza ni vile vitufe vidogo vyenye miguu 4. Miguu hiyo imeungana kwa ndani mbili mbili, kwa hiyo mtu akichagua miguu 2 ya jozi moja, ameweka kipande cha waya mtupu kati ya sauti na ardhi. Chagua miguu inayokaa kona kwa kona, kwa kuwa hiyo daima ni ya jozi tofauti.

Chanzo cha pili huonekana kwa mtu ambaye gitaa lake lilikuwa zima mezani, likanyamaza mara tu kifuniko kilipofungwa. Chumba cha nyaya katika magitaa mengi kimepakwa rangi inayopitisha umeme au kimebandikwa karatasi ya shaba kama kinga dhidi ya mvumo, na kinga hiyo imeungana na ardhi. Mguu wa swichi ukigusa ukuta wa chumba hicho au mgongo wa kifuniko, sauti yote huenda ardhini. Ili kuthibitisha, legeza kifuniko kidogo huku multimita ikiwa bado imeunganishwa kwenye plagi na utazame namba inavyoruka kutoka sifuri kurudi kwenye kiloomu zake. Dawa yake ni kuivisha miguu mirija ya kuhami inayosinyaa kwa joto, na kubandika utepe wa kuhami mahali ambapo mgongo wa swichi unakaribia kifuniko.

Kina cha chumba nacho kinafaa kufikiriwa kabla ya kutoboa. Unene wa mwili wa Stratocaster ni milimita 45 hivi, na chumba chake ni chembamba zaidi ya hapo, ilhali kitufe cha mashine za michezo kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya kina hicho kikiwa na miguu yake na nyaya zake zilizopinda. Pima swichi kutoka chini ya ukingo wake hadi mwisho wa miguu, uongeze milimita 5 za nyaya, ulinganishe na kina halisi cha chumba pale utakapotoboa. Tundu likishatobolewa kwenye mbao halirudi, na gitaa zuri halistahili kupata tundu la pili kwa sababu la kwanza halikupimwa.

Sauti inapungua lakini haikatiki kabisa

Hii ndiyo dalili inayowasumbua watu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu haionekani kwenye sauti safi. Gitaa linaonekana limenyamaza, kisha mtu anawasha pedali ya distoshani (inayokuza na kukwaruzisha sauti) na kusikia noti zile zile zikipita kwa mbali. Tazama kipimo chako cha pili. Ikiwa badala ya omu 1 au 2 unasoma makumi au mamia ya omu, ardhi haifikiwi sawasawa. Tuseme pikapu ina kiloomu 8 na njia ya swichi ina omu 300: sehemu moja hivi kati ya 28 ya sauti bado inapita, yaani pungufu ya desibeli 29 tu, na distoshani yenye nguvu hukikuza kilichobaki hadi kikasikika waziwazi.

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni kiungo baridi cha lehemu, hasa kile cha waya wa ardhi uliolehemiwa juu ya mgongo wa potenshomita. Bati lile ni kubwa, hunyonya joto haraka, na chuma dhaifu cha kulehemu huacha lehemu ikiwa imekaa juu kama tone bila kushikana na bati. Kiungo kizuri hutandaa na kung'aa. Kibaya hukunjamana, na mara nyingine hubanduka ukikisukuma kwa ncha ya bisibisi. Kwangura bati kwa msasa mwembamba, tumia chuma cha wati 40 au zaidi chenye ncha pana, pasha bati kwanza kisha ulishe lehemu. Bora zaidi, peleka waya wa ardhi wa swichi moja kwa moja kwenye mguu wa shina la soketi, ambao hupata joto upesi, na uachane na mgongo wa potenshomita kabisa.

Ikiwa viungo vyote ni vizuri, pima swichi yenyewe kati ya miguu yake huku umeibonyeza. Swichi mpya iliyosoma zaidi ya omu moja mara nyingi imepata joto kupita kiasi wakati wa kulehemu, plastiki yake ikalainika na vigusano vyake vikasogea. Kwa vitufe vinavyotenganishwa, ondoa kipande cha ndani kabla ya kulehemu, au weka lehemu kwenye waya na kwenye mguu kila kimoja kivyake, kisha uviunganishe kwa mguso mmoja wa sekunde 2 au 3.

Kuna sura nyingine ya dalili hii ambayo haitokani na ukinzani. Katika gitaa lenye voliumu 2, kama vile Les Paul, mtu anaweza kuunganisha swichi kwenye mguu wa kuingilia wa voliumu mojawapo. Hapo swichi itanyamazisha pikapu ile tu, na pikapu nyingine itaendelea kulia ikichaguliwa peke yake. Hata katika gitaa la voliumu moja, mguu huo wa kuingilia una hila yake: kila kitu huwa sawa voliumu ikiwa juu kabisa, lakini ukiishusha katikati, kubonyeza swichi huleta mvumo mdogo badala ya ukimya, kwa kuwa kati ya soketi na ardhi sasa kuna sehemu ya potenshomita, inayoweza kufikia kiloomu 125 kwa potenshomita ya kiloomu 500. Katika hali zote mbili swichi ihamishiwe kwenye soketi.

Sauti inakuwa nzito na yenye giza badala ya kukatika

Swichi imeungana na kapasita ya toni. Waya uliodhaniwa kuwa wa ardhi umelehemiwa kwenye mguu wa potenshomita ya toni unaoshikilia kapasita, hivyo kinachokwenda ardhini ni sauti za juu pekee, na zile za chini zinabaki. Dalili hii huwachanganya wanaopima, maana multimita haionyeshi mabadiliko: kapasita haipitishi umeme wa moja kwa moja, na usomaji hubaki kiloomu zile zile. Masikio ndiyo yanayotoa hukumu hapa. Hamisha waya huo kwenye ardhi halisi.

Mlio wa kupasuka kila swichi inapobonyezwa

Kwanza tenganisha mambo mawili. Noti ndefu inapokatwa ghafla katikati ya wimbi lake, ukingo wa mkato wenyewe unasikika kama mguso mdogo, na distoshani huuongeza. Hiyo si hitilafu. Ndiyo inayoufanya mkato usikike kama pigo la ngoma, na wapigaji wengi huutaka. Jaribio ni rahisi: zuia nyuzi zote kwa kiganja pasiwe na noti yoyote, kisha bonyeza. Ukisikia mshindo hata hapo, kuna umeme wa moja kwa moja unaokaa kwenye waya wa sauti, na swichi inauondoa kwa ghafla.

Katika gitaa lisilo na betri, umeme huo hautoki kwenye gitaa, kwa kuwa halina unakotoka. Mara nyingi unatoka kwenye pedali ya kwanza, ambayo kapasita yake ya mlangoni inavuja. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Mshindo ukitoweka, rudisha pedali moja moja hadi urudi. Unaweza pia kupima kwa multimita ikiwa kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha milivolti 200, kati ya ncha na shina la soketi kwa ndani huku kila kitu kimewashwa. Zaidi ya milivolti chache ni ishara ya uvujaji, na matengenezo yake ni kubadilisha kapasita ya pedali, si kugusa gitaa.

Katika gitaa lenye priampu, kagua kapasita ya kutolea sauti ya priampu hiyo, na uweke rezista ya megaomu 1 kutoka kwenye ncha ya soketi hadi ardhi ili waya usikusanye umeme. Katika magitaa haya pia hutokea dalili ya pekee: sauti inafifia kwa muda kidogo badala ya kukatika, kisha inarudi kwa kishindo. Maana yake swichi imewekwa kwenye waya wa betri. Kapasita za ndani hushikilia umeme na kuiacha priampu ikifa taratibu, kisha inapoamka tena hutikisa saketi nzima. Betri isiguswe, swichi ifanye kazi kwenye soketi.

Mvumo ulioanza baada ya kufunga swichi

Sikiliza ni wakati gani unavuma. Ukivuma wakati wa kubonyeza tu, na kipimo chako kilipanda hadi ukomo, umeshajua: swichi inakata waya wa sauti badala ya kuufunga kwenye ardhi, na dawa ni kubadilisha njia.

Ukivuma muda wote, vile vile hata ukigusa nyuzi, ilhali zamani ulikuwa ukipungua unapozigusa, kagua waya wa ardhi wa nyuzi. Huo ni waya mmoja unaotoka kwenye daraja la nyuzi, au kwenye ndoano ya springi nyuma ya gitaa lenye mkono wa kutikisa, na hukatika kwa urahisi mno wakati bamba la mbele linapoinuliwa kwa ajili ya kazi. Pima kati ya uzi na shina la plagi: panapaswa kuwa na omu chache tu. Kuzima kwa mvumo unapogusa nyuzi ni kawaida kwa kiasi fulani katika pikapu za koili moja, lakini mabadiliko makubwa kutoka hali ya awali si kawaida.

Ukivuma kidole kinapokaribia swichi yenyewe, mwili wa chuma wa swichi hauna ardhi, au miguu imegeuzwa na upande wa sauti ndio ulioungana na kasha. Multimita itakuambia mguu upi umeungana na kasha. Huo upewe ardhi. Kasha lisiloungana na mguu wowote lipewe waya wake mdogo.

Hapa pana onyo ambalo haliruhusu uzembe. Ukihisi mwasho wa umeme unapogusa kitufe cha chuma au nyuzi, hasa ukiwa umeshika maikrofoni au umesimama karibu nayo, zima kila kitu na uache kupiga. Gitaa lisilo na betri haliwezi kutoa umeme huo, na hata betri ya volti 9 haiwezi kukuwasha hivyo. Unatoka kwenye amplifaya au soketi ya ukutani ambayo waya wake wa ardhi una kasoro. Kuondoa ardhi kwenye gitaa ili mwasho uishe ni kuficha hatari inayoweza kuua. Fundi wa umeme akague amplifaya na soketi za ukutani kwanza.

Swichi inakwaruza, inaruka, au inafanya kazi mara moja moja

Swichi ilikuwa nzuri miezi ya mwanzo, kisha ikaanza kukosa. Ukibonyeza kwa nguvu inafanya kazi, ukipiga haraka inaruka mipigo. Watu huilaumu lehemu, lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kuchagua swichi.

Swichi nyingi zinazouzwa kama imara zimetengenezwa kwa ajili ya mota na taa, na huandikwa ampea 3 au 5 kwa fahari. Vigusano vyake ni vya fedha au aloi yake, na fedha huota utando mwembamba hewani. Katika saketi yenye umeme mwingi utando huo huchomwa kila swichi inapofunga, kwa hiyo haujulikani kama upo. Gitaa haliwezi kuuchoma. Pikapu hutoa sehemu ya volti tu, na ikifungwa kwenye ardhi kupitia kiloomu zake, mkondo unaopita haufiki hata miliampea 1. Kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Utando unabaki, unanenepa, na swichi iliyoweza kuwasha mota inashindwa kunyamazisha gitaa. Swichi inayofaa ni ile yenye vigusano vilivyopakwa dhahabu, iliyokusudiwa kwa mawimbi madogo, hata kama ampea zake zilizoandikwa ni chache. Hizo ampea ndogo si udhaifu kwa kazi hii.

Kwa swichi iliyokwisha kufungwa, dawa ya kusafishia vigusano isiyoacha mafuta, ikipulizwa kidogo na kitufe kikabonyezwa mara nyingi, inaweza kuirudishia uhai kwa muda. Itakwaruza tena. Ukiitegemea kwenye jukwaa, ibadilishe.

Kukwaruza kunakoambatana na mtikisiko wa mwili wa gitaa, hata bila kubonyeza, ni jambo jingine. Kagua nati ya swichi, na uone kama swichi inazunguka kitufe kinapobonyezwa. Ikizunguka, nyaya zake hupindwa kila siku hadi nyuzi zake nyembamba zikatike ndani ya ganda huku waya ukionekana mzima kwa nje. Vuta kila waya taratibu huku multimita ikiwa kwenye mlio. Kitufe kinachokwama chini kwa kawaida kimebanwa na tundu dogo mno au na rangi iliyojikusanya ukingoni, na kupanua tundu kwa msasa uliozungushiwa kijiti kunatosha. Usilipanue kwa keekee, ambayo hung'oa rangi ya gitaa.

Gitaa linanyamaza, lakini sauti kwenye amplifaya haifuati

Vipimo vyako ni sahihi, swichi ni nzuri, na bado mkato hausikiki kama ulivyotarajia. Sasa tatizo liko kwenye mnyororo wa pedali. Pedali ya kuzuia kelele hufunga sauti inaposhuka na huchukua muda kufungua inaporudi. Ukikata haraka, inakula mwanzo wa kila kipande cha noti na mkato unakuwa mlegevu. Izime, au ishushe hadi kiwango ambacho haifungi kati ya mikato. Kompresa, pedali inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, nayo hupandisha kelele za chinichini kila gitaa linaponyamaza, na ukimya unajaa mvumo wa hewa.

Pedali za mwangwi ziko baada ya gitaa, hivyo haziwezi kunyamazishwa na swichi iliyo ndani yake: gitaa linakatika na mkia wa mwangwi unaendelea, ukiziba mapengo yote uliyoyakusudia. Anayetaka mkia nao ukatike anahitaji kisanduku chenye swichi ya aina hiyo mwishoni mwa mnyororo, kabla ya amplifaya. Hapo isitumike swichi ya miguu 2, maana kufunga mdomo wa pedali kwenye ardhi hulazimisha saketi yake ya kutolea sauti kusukuma mkondo isiokusudiwa kuutoa. Itumike ya miguu 3: mguu C uende kwenye amplifaya, NC kwenye pedali, na NO kwenye ardhi, ili kubonyeza kuiachie pedali iwe huru na wakati huo huo kuufunge mlango wa amplifaya kwenye ardhi. Mpangilio huo huo ndio salama zaidi ndani ya gitaa lenye priampu yenye nguvu.